Mbwa Mkubwa Nyumbani kwa Mkunga

Morogoro,
20 Mei 1912.

Kwa mdogo wangu mpendwa Mwinjuma, huko Tabora,

Assalaam alaikum. Shikamoo uliyoniandikia nimeipokea, marahaba sana. U hali gani? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kuwaambia watu ni vumbi la reli? Sisi huku hatujambo. Wapwa zako wanarefuka tu, nguo za Idi zimeshagoma kufika magotini. Mvua ya masika imetukolea, na mlima una siku nyingi haujavua mawingu.

Sasa nije kwa mbwa, maana najua umeziruka salamu zote hizo ukimtafuta yeye.

Alifika salama kwa gari moshi. Uliandika kwamba bwana wako Mdachi anarudi kwao na anakuachia mbwa mkubwa wa ulinzi, lakini hukusema ana kichwa kama cha ndama! Pale stesheni watu walimpisha kuliko wanavyompisha akida. Shemeji yako Stambuli alikwenda kumpokea na kanzu yake ya Ijumaa, nikamkataza, hakusikia. Mbwa akamlamba toka kifuani mpaka begani. Kanzu ikafuliwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na sala ya Ijumaa ikampita. Tangu siku hiyo mume wangu anamwita mbwa wako "shemeji".

Nakiri wazo lako lilikuwa jema. Tangu chui amnyakue mbuzi wa Mama mlangoni kabisa, mimi mwenyewe usingizi ulinipaa. Mama yuko peke yake huko juu ya Kilakala, na ukimwambia ahamie mjini anakutazama kama umemtukana. Basi tukampandishia mbwa, tukakubaliana tumjaribu kwanza, kama ulivyoagiza, ndipo tukupe jibu.

Mama alimtengea kigae chake cha chakula na kibanda nyuma ya jiko, mbali na mahali anaposalia. Jina lake la Sultani alilikataa, akasema cheo cha mtu hakipewi mbwa, akamwita Mgeni. Anakula kama watu wa matanga, lakini haikupita muda nikamsikia Mama akimgombeza kwa sauti ileile aliyokuwa akikugombeza wewe. Nikajua amempenda.

Tatizo ni hodi, ndugu yangu. Huko alikolelewa, kwenye nyumba ya bwana wako, naona aliyefundishwa kumzuia ni mtu wetu anayekuja na hodi yake. Nguruwe wa porini wamekula mahindi ya Mama upande wa bondeni, naye amelala anakoroma. Lakini mtu akisema hodi tu, huyo, kasimama, manyoya yote juu! Bi Mwanaasha jirani, na umri wake ule, alikaa juu ya mpera mpaka Mama alipotoka kuoga. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, Mungu anisamehe.

Basi watu wakatafuta akili ya kuishi naye. Wakaacha kupiga hodi. Wakawa wanapitia migombani, kimyakimya, wanachungulia, wakimwona Mama wanamkonyeza. Hilo Mama hakulipenda hata kidogo. Alilalamika kwamba watu wazima wanamnyemelea kwake kama wezi wa kuku.

Wiki iliyopita, alasiri, nilipanda kumpelekea chumvi. Mvua inapiga. Migombani nikamkuta Agustino, yule kijana wa misheni anayekaa ng'ambo ya kijito na mkewe Agnes, ameloa chapachapa, anatetemeka. Mbwa kalala kizingitini.

"Dada Hidaya, niitie Bibi, nakuomba," akaninong'oneza. "Agnes uchungu umemshika toka asubuhi. Nikipiga hodi mnyama huyu ataniua."

Alikuwa amesimama pale muda mrefu, akingoja Mama atoke, na Mama yumo ndani anapukuchua maharage, hasikii lolote kwa mvua. Mbwa ananijua, nikampita nikaingia. Mama aliyaacha maharage yamwagike.

Mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Mama alihangaika naye mpaka giza likaingia, na Mungu akasaidia: mtoto mzima, mama yake mzima, binti mwenye sauti ya kuamsha bonde. Lakini aliporudi kwake Mama hakuketi hata kupumzika.

"Chui akimla mbuzi nitafuga mwingine," akaniambia. "Agnes mwingine tungemtoa wapi?"

Basi jibu letu ni hilo. Kwa Mama, mbwa hafai. Najua wewe ndiye mjomba wa wanangu, na kwa mila yetu neno la nyumba ile ni lako, lakini hapa Mama ameshasema, na ukitaka kubishana naye, reli ipo, njoo. Mbwa amechukuliwa na Bwana Fatehali alinde ghala lake karibu na stesheni. Huko hatakiwi mtu kupiga hodi, naye ananenepa. Siku ya kuondoka Mama alimpa ugali, akamshika kichwa kwa muda, kisha akaenda kuosha mkono wake kwa udongo, taratibu, bila kuona haya.

Usinikasirikie, na kuhusu chui ondoa wasiwasi. Jumamosi Agustino alipanda na miti begani, nyuma yake wanaume wa mlima mzima, wala hatukumwita mtu. Wamejenga zizi la magogo limeegemea ukuta wa Mama, na wamepangana zamu za kulala pale barazani.

Nilipokuwa nawapakulia chakula nikamwuliza Mama amewajuaje wote kwa majina, hata wale wa upande wa pili wa mlima. Akanishangaa.

"Hawa?" akasema. "Wote si niliwapokea mimi, siku waliyozaliwa?"

Mama anakusalimu, Stambuli na watoto pia. Msalimie sana wifi yangu Asia. Mungu akulinde kazini na njiani, akurejeshe kwetu na afya yako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokucheka,

Hidaya binti Mikidadi.