Plagi ya Nyuma, Kabla ya Masimba

Baba mkwe mpendwa,

Uniwie radhi kukuita hivi moja kwa moja, bila mtu katikati. Ungekuwa hai nisingethubutu. Tuliishi boma moja kule Nyansiongo miaka yote ile na sikumbuki siku tuliyotazamana machoni. Chinsoni ilitutenga: mkaza mwana na baba mkwe hawapeani mkono, hawaketi kiti kimoja, hawapitiani karibu hata nguo zikagusana. Nami nililelewa Kiogoro katika heshima hiyohiyo, kwa hiyo sikuja kwako kama mgeni wa mambo. Ila jana nimefanya jambo linalokuhusu, na ni haki yako ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa wengine, kama huko uliko watu husimuliana.

Nakumbuka ulivyokuwa ukikohoa langoni ili niingie jikoni kabla hujapita. Nakumbuka pia ulivyoniagiza kupitia kwa ng'ombe. Mume wangu Nyamweya akiwa safarini na watoto wako shuleni, ulisimama zizini ukamwambia yule mweusi, “Wewe, mwambie mama Moraa maziwa ya leo yasichelewe, ya jana yaliharibika njiani.” Nami nikamjibu ng'ombe huyohuyo, “Mwambie mzee tumesikia.” Nilikuwa nikirudi jikoni nacheka mpaka nashika mbavu. Nina hakika hata wewe ulicheka, maana kikohozi kile kilizidi mahitaji ya kifua chako.

Halafu mwanao akanunua gari la maziwa kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga shamba arudi kwao. Gari fupi, halina pua, injini yake imefichwa ndani katikati ya viti viwili vya mbele, chini ya kifuniko cha bati. Plagi za mbele mtu alizifikia akijikunja. Ile ya nyuma kabisa ilibanwa kati ya injini na kiti cha abiria, na ndiyo hiyo iliyopenda kufa. “Mwenye alitengeneza hii gari hakuwa anafikiria mtu atairepea,” fundi wa Kisii mjini alimwambia Nyamweya. “Hapa lazima tushushe injini yote.” Nyamweya ana viganja kama sahani, alijaribu mpaka akachubuka, akatukana, akakaa chini.

Mimi ndiye niliyeomba kujaribu. Mama mkwe alikuwa amenisema vya kutosha kwa mikono yangu hii midogo. “Hii itashika jembe gani?” aliuliza wiki niliyoolewa, mbele ya wageni. Siku ile ikaingia mahali ambapo ya mwanawe ilikataa. Unapiga magoti pale miguu ya abiria inapokaa, unalaza bega kitini, mkono unashuka huku huoni kitu. Unatafuta waya kwa vidole, unauchomoa, unaingiza spana fupi, unaizungusha kidogo, unaitoa, unairudisha tena. Plagi mpya unaianzisha kwa ncha za vidole, polepole, kwa sababu ikiingia upande itakula nyuzi za injini, na hapo gari limekwisha. Chuma kikiwa cha moto kinakubabua. Kifundo cha mkono wangu wa kulia bado kina madoa.

Kiti hicho cha abiria kilikuwa chako. Gari likizima ulishuka bila kuambiwa, ukaenda kando, ukatupa mgongo, ukasimama kutazama mahindi ya watu kama mnunuzi. Hapo mimi nilitoka nyuma kwenye madebe ya maziwa nikaingia mbele. Nikimaliza niligonga bati kwa spana ili ujue njia iko wazi. Ukirudi ulimwambia Nyamweya, nami nasikia kabisa, “Mwambie huyo fundi wako asante.” Watu wengi wameniita majina mengi, lakini hilo la fundi nililipenda.

Sasa nifike kwenye ile asubuhi. Uliamka tumbo limevimba, gumu kama ubao, ukitapika hata maji. Dresa, yule mhudumu wa zahanati, alikushika kidogo tu akamvuta Nyamweya pembeni. “Utumbo umejifunga,” alisema. “Afike hospitali ya Kisii leo, tena mapema. Asipopasuliwa hatapona.” Hukuweza kulala chali, kwa hiyo tulikuketisha mahali pako mbele, umejikunja, blanketi mabegani. Mimi nikapanda nyuma. Hakuna aliyeuliza naenda kufanya nini. Sote tulijua ni kwa ajili ya plagi.

Mvua ilitushika tukitoka Keroka. Kwenye mwinuko kabla ya kufika Masimba injini ikaanza kukohoa, gari likatetemeka, likazima. Nyamweya alijaribu mpaka betri ikaanza kulegea. “Ni ile ya nyuma,” alisema. “Baba, tukushushe kidogo.” Alipokuingizia mikono chini ya makwapa ulilia. Sikuwahi kumsikia mzee wa kiume akilia namna ile, na sikujua nielekeze wapi uso wangu.

“Basi mama Moraa aingie ukiwa hapohapo,” Nyamweya alisema.

“Hapana. Aniinamie magotini? Haijaonekana kwetu.”

“Baba, utakufa hapa.”

“Nenda utafute watu wanibebe vizuri wanishushe. Halafu aingie.”

Nilimkasirikia sana Nyamweya kwa kukutii. Alikimbia kwenye matope kuelekea madukani Masimba, nasi tukabaki wawili, wewe ndani, mimi nje nimeegemea mlango wa nyuma, mvua ikinipiga. Hakuna gari lililopita. Hapakuwa na mtoto wala ng'ombe wa kutupitishia maneno. Nilikusikia ukihema, kisha nikasikia jina langu. Ulikuwa hujawahi kulitamka.

“Bosibori. Mkono wako unafika nikiwa nimekaa hapa?”

“Unafika, Baba.”

“Njoo basi. Fanya haraka kabla hawajaja.”

Nikazunguka, nikafungua mlango. Ulikuwa umeshajifunika blanketi kichwani, uso wote. Nilipiga magoti kati ya miguu yako na bega langu likalala juu ya goti lako. Goti lilikuwa la moto na lilitetemeka. Nikashusha mkono, nikachomoa waya, nikaingiza spana. Plagi ilikuwa imeshikamana. Nilisukuma mpaka kucha ikanivunjika, nikasukuma tena, plagi ikalegea. Hapo ndipo ulipozungumza chini ya blanketi, kwa sauti ambayo hata mimi niliyekuwa nimekulalia niliisikia kwa shida.

“Sitaki kufa, mwanangu. Sijamaliza kukaa na mama yenu.”

Nilikujibu kwamba hufi. Nilikuwa na plagi mbovu mkononi na ile mpya mfukoni mwa sweta, kilichobaki kilikuwa kazi ndogo kuliko kuchemsha chai. Ndipo tukasikia sauti za wanaume wakipanda mlima. Goti lako likakauka. “Shuka,” ulisema. Nikakuambia, “Baba, imebaki kidogo tu.” Ukasema tena, “Shuka, wasikukute,” na safari hii ilikuwa amri. Nikashuka. Nikasimama nyuma ya gari na ile plagi mbovu kiganjani.

Walikuja na ubao wa mlango wa duka. Ninawakumbuka walivyokuwa na adabu. Waliulizana nani ashike wapi, nani ni wa rika gani, nani anaweza kumshika mzee na nani hafai. Walikubeba taratibu, wakakulaza kwenye nyasi chini ya mti wa mipakani, wakasimama kukuzunguka ili nisikuone nami nikiwa kazini. Ndipo nikaruhusiwa kuingia. Plagi mpya iliingia bila shida yoyote. Nyamweya akapiga stati, injini ikanguruma vizuri kuliko siku nyingi. Nikagonga bati kama kawaida yetu. Hakuna aliyekuja. Nilipotazama nje, wale wanaume walikuwa wamevua kofia kwenye mvua.

Kwenye mazishi kila aliyesimama alilisema jambo hilohilo. Mchungaji alisema. Mzee wa kijiji alisema. Kwamba wewe ulikuwa Mgusii wa kweli, kwamba hata kifo kilipokuwa mlangoni hukukubali chinsoni ivunjwe, kwamba vijana wa siku hizi waone mfano. Watu waliitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake, nina hasira mpaka masikio yanavuma. Nilitaka kusimama niwaambie kwamba mtu huyu aliniita kwa jina, kwamba alitaka kuishi. Lakini ningekuvua nguo mbele ya kaburi lako. Nikanyamaza, na nikaendelea kunyamaza hata kwa Nyamweya.

Aliyeumia kwa kimya hicho hakuwa mimi, Baba. Ni mkeo. Watu waliporudi kwao na sifa zao, yeye alibaki na nyumba. Hakulia siku ya mazishi, na wakasema ni imani. Mimi niliyekuwa nikimpelekea uji nilijua si imani. Alikuwa amekasirika nawe. “Mwenye kupenda mkewe hukubali hata kuinamiwa na mkaza mwana,” alisema siku moja, akimenya ndizi kama anazipiga. “Yeye aliona ni afadhali aniache kuliko watu waseme. Mimi nilikuwa nini kwake?” Amekaa na neno hilo tangu wakati ule. Sabato anaimba, akirudi anafunga mlango. Amekonda. Picha yako ameigeuza, inatazama ukuta, na watoto wamekatazwa kuigusa.

Jana nilimkuta ameketi uani na kikapu cha mboga za chinsaga hajachambua hata jani moja. Alianza tena na lile swali lake. Na mimi, Baba, nikachoka. Nikaketi karibu naye nikamwambia yote: jina ulilotamka, blanketi, goti, na ulivyosema hutaki kufa kwa sababu hujamaliza kukaa naye. Nilimwambia pia kwamba waliposikika wanaume ulinifukuza, maana sikutaka kumpa nusu.

Alisukuma kikapu kando. Nilidhani atanitukana kwa kukuaibisha, nilikuwa tayari. Kisha akaniuliza, “Alisema hivyo? Mama yenu?”

“Alisema, Mama.”

Alilia, Baba, kwa sauti iliyowatoa majirani nje. Nilimshika, na kati ya kilio alikuwa akirudia neno moja tu, akiwaambia hata wale waliokuja mbio wasiojua kuna nini. “Hakunitupa. Hakunitupa.”

Najua sasa watajua. Sifa zako zitapungua hapa Nyansiongo, na lawama nitaibeba mimi. Lala salama.

Mkaza mwana wako,
Bosibori