Mwonjaji wa Sufuria za Mama

Jumatatu, 2 Juni

Yule dada wa lishe pale hospitali kasema niandike. Eti kila siku, ninavyojisikia, si nilivyokula. Haya. Najisikia njaa. Nimemaliza!

Hapana, si njaa. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Tumbo limekatwa, limeshonwa, limebaki kama ndizi — daktari mwenyewe kanichorea. Vijiko vitatu vya supu na limejaa, linanisukuma huku kifuani kama mtu anayefunga mlango. Sawa. Sasa huyu anayelia njaa ni nani? Tumbo limeshiba, mimi sijashiba. Tulikuwa kitu kimoja sisi!

Shule niliiachia kidato cha pili, lakini hili hata waliomaliza vyuo hawanijibu.

Mama amenipa kikombe cha kahawa, ndiyo sahani yangu siku hizi. Mimi! Niliyekuwa nakula kwenye beseni la kuoshea mchele, watu wakija kutazama. Nimekitazama kikombe, nacho kikanitazama. Nimecheka. Halafu machozi. Nikamwambia Mama ni vitunguu. Hakuna aliyekuwa anakata vitunguu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeenda kwa Kinyozi, rafiki yangu, mara ya kwanza toka nitoke wodini. Kabla ya kisu jina langu lilikuwa Tani. Leo kibanda kizima kimeshanipa jipya: Nusu. Kinyozi kanizungusha kwenye kile kiti chake. Zamani kiti hicho kilikuwa kinanibana mbavu, nikiinuka kinainuka na mimi. Leo nimezunguka mpaka kizunguzungu. Nikawaambia nikifika Robo wawafungie wachumba wao ndani. Wamecheka. Mfalme ni mimi bado.

Kisha chakula kikaja. Sinia moja katikati, kama siku zote, mikono ikaingia. Yangu sikujua pa kuiweka. Mifukoni — naonekana naringa. Magotini — kama niko msibani. Nikashika mkasi wa Kinyozi, nikawa nakata hewa. Mmoja akasema nionje tu, kidogo hakiui. Nikasema nimeshiba.

Neno hilo sijawahi kulisema pale. Wote wakaacha kutafuna.

Nyama ya mwisho ilikuwa yangu kwa sheria. Leo imebaki palepale katikati ya sinia, kila mtu anaizunguka, mpaka mafuta yakaganda. Nikaondoka bila kuaga vizuri. Sasa nilikuwa nasikitika kwa ajili ya nyama, au kwa ajili ya nani?

Jumapili, 8 Juni

Mama amerudi kazini. Hapa niandike vizuri, maana hili halijui mtu nje ya nyumba yetu. Mama ni mpishi wa shughuli: harusi, misiba, mahafali. Na Mama hasikii ladha. Kabisa! Homa moja mbaya, mimi nikiwa darasa la pili, iliondoka na pua na ulimi wake. Mpishi asiyesikia chumvi — wateja wangejua wangekimbia na viatu mkononi. Hawajajua kwa sababu mimi nipo. Toka utotoni kila sufuria inapita kwangu kabla ya kutoka. Mimi nasema: chumvi bado. Ndimu imezidi. Ng'ombe huyu alikufa na hasira, achemshwe tena. Mama anafuata. Dada yangu mkubwa naye ana ulimi, ila Mama anasema Dada anajua kula, kuonja hajui. Kwake pilipili ni mboga.

Na sikuwa naonja kwa kijiko, nisijidanganye. Kijiko kinaongopa. Mimi ni bakuli, sufuria hadi sufuria. Kazi hiyo ndiyo iliyonijenga nikawa Tani. Daktari aliposema sukari imepanda, magoti yamechoka, na nikilala pumzi inakatika, Mama ndiye aliyeshikilia nikatwe. Alisema kanilisha yeye, hataki na kunizika iwe yeye.

Basi leo, sufuria ya kwanza toka kisu. Mchuzi wa watu wa mahafali. Nimetia kijiko mdomoni — chumvi ikapiga kelele! Kama nimelamba sarafu. Nikasema imezidi. Mama akaongeza maji, akatia viazi vinyonye. Nikaonja tena. Bado. Akaongeza maji. Dada akapita, akachungulia, akauliza kama tunapika au tunafua. Nikamwambia mwenye ulimi humu ni mimi.

Jumanne, 10 Juni

Simu imekuja. Mwenye mahafali kamwambia Mama, kwa heshima zote, chakula kilikuwa cha mgonjwa. Wageni walikuwa wanaazimana chumvi meza hadi meza. Mzee mmoja kauliza kama mpishi naye ni miongoni mwa waliofaulu. Mama akajibu — nilikuwa nimesimama mlangoni — kwamba kosa ni lake. Uzee. Kasahau chumvi.

Hakunitazama. Na mimi sikusema kitu. Mimi, ambaye hata usingizini nabishana!

Nikajifungia jikoni nikajipima. Sukari: sabuni. Ndimu: imenyamaza tu. Chumvi: sarafu. Nyama: sarafu ileile. Walikata tumbo hawa, ulimi waliufuata wa nini?

Ijumaa, 13 Juni

Hospitali. Nimepanda mzani, manesi wakapiga makofi. Suruali nimeifunga kwa kamba ya kiatu. Wakataka picha, nikapiga pozi, kifua mbele. Lakini ndani nilikuwa kama wanampigia makofi mtu aliyesimama nyuma yangu. Nusura nigeuke.

Nikamuuliza dada wa lishe, eti nina rafiki yangu, kakatwa kama mimi, ulimi umemgeuka. Akatabasamu. Akasema nimwambie huyo rafiki inatokea. Kwa wengine ladha inarudi, kwa wengine inarudi kivingine. Lini? Hawezi kusema, kila mwili na wake. Akauliza rafiki anafanya kazi gani hata ulimi umsumbue hivyo. Nikasema fundi magari.

Njiani nimepanga maneno. Nimefika nyumbani nayo yote. Nikamkuta Mama anakunja mashati yangu ya zamani, yale mapana kama mapazia, anaimba. Anaimba kwa kuwa nimepungua! Sasa nimwambie nini? Kwamba kachagua nipone, na jiko lake ndilo lililolipa? Atajuta. Na akijuta, si ndiyo anajuta mimi kupona? Au sivyo? Nimelizungusha hili kichwani mpaka limenizungusha mimi. Naacha.

Jumamosi, 14 Juni

Nimenunua mkate. Mzima. Nimekaa nyuma ya karakana ya seremala, nikala haraka kabla tumbo halijashtuka. Likashtuka. Jasho, moyo mbio, kila kitu kikarudi kwa njia kiliyoingilia. Seremala akatoka na msumeno mkononi, akaniuliza kama nimekunywa pombe. Nikasema ndiyo. Afadhali mlevi.

Sikuwa na njaa. Naapa. Nilikuwa namtafuta tu yule jamaa, Tani. Yule alikuwa anajua afanye nini na siku mbaya.

Jumapili, 15 Juni

Supu. Kikombe. Sina neno.

Jumatano, 18 Juni

Jumamosi kuna harusi! Shangazi wa bwana harusi kaja mwenyewe, kakaa kwenye kiti cha Mama, kanywa chai yake yote ndipo kasema. Maneno ya mahafali kayasikia. Lakini Mama ndiye aliyempikia harusi yake yeye, kwa hiyo anampa nafasi. Akaongeza kwa upole, akipangusa midomo, kwamba likitokea tena — basi, wapishi mjini hawajaisha. Mama akasema halitatokea. Akaniwekea mkono begani mbele ya mgeni.

"Nina huyu," akasema.

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Zamani lingehitajika shimo. Sasa hata ufa ungenitosha.

Mgeni alipoondoka nikaja na akili. Kama kwangu chumvi imezidi, basi kwa watu iko sawa. Hesabu ndogo hiyo! Chakula cha jioni nikasimamia mimi. Nikaonja, ikanipiga kidogo, nikasema bado. Mama akatia. Ikanipiga zaidi, nikasema tia tena. Akatia. Ikanipiga mpaka masikio, nikasema hapo hapo, usiguse.

Tukakaa mezani. Dada akatia tonge la kwanza, akasimama, akaenda bombani. Aliporudi akasema tungemwambia tu kwamba tunakausha samaki.

Mama hakumtazama Dada. Kanitazama mimi, muda mrefu. Halafu akavuta sahani yake akala, polepole, tonge baada ya tonge, hata punje haikubaki. Kwake yote ni sawa, anajua nami najua. Lakini alikuwa anakula kwa ajili yangu, na mimi nimekaa na kikombe changu sijui niombe radhi au niseme asante.

Baadaye uani Dada kaniambia: nimwambie Mama kabla ya Jumamosi, au atamwambia yeye. Nikamwita mbea. Nikamwambia kama shida ni ulimi, hata yeye anao, aonje basi. Akasema shida si nani ataonja. Sikumwelewa. Nilimwelewa. Yote mawili.

Maana Dada akionja, mimi jikoni mle ni nani? Nilikuwa mwonjaji. La sivyo nilikuwa mtu wa kuziba njia, na siku hizi hata njia siizibi.

Ijumaa, 20 Juni

Nimemenya, nimechota maji, nimebeba kuni, nimesugua masufuria ambayo yalikuwa safi. Kazi ya watu watatu, ilimradi nisisimame karibu na Mama. Kila aliponiita nilikuwa na mzigo begani. Kinyozi kapita kunisalimia, akashangaa: Nusu anafanya kazi kuliko Tani! Nikamwambia Tani alikuwa bosi.

Dada kafunga mdomo. Ila kila tukipishana ananikata jicho. Kesho, linasema lile jicho.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika nimekaa juu ya gunia la mchele, stoo.

Ilikuwa hivi. Mama alifunua sufuria kubwa, ya mchuzi wa harusi. Akachota kijiko, akakipuliza kama alivyokuwa akinipulizia nikiwa mdogo, akaninyooshea. Dada akaacha kufunga vyombo. Nikaonja. Sarafu. Nikaonja tena, nikafumba macho, nikautafuta mchuzi wa Mama mle ndani, ule ninaoujua kuliko sura yangu. Haupo. Au upo, mimi ndiye sipo.

"Imekolea?" Mama akauliza.

Nilikuwa na majibu mawili tayari, yote mazuri, yote ya uongo. Nikasema, "Sijui, Mama."

Nami kwa kuwa nimeshaanza nikamwaga yote: toka wanikate ulimi si wangu, yale ya mahafali ni mimi, chumvi ya Jumatano ni mimi, yule rafiki fundi magari ni mimi — huyo hata hamjui! — na asijute, namwomba, asijute mimi kukatwa. Yalitoka yamepindana kama kamba za hema.

Hakugomba. Alipunguza moto. Akanishika mkono, akanileta huku stoo kama mtoto aliyejikojolea, akanikalisha juu ya gunia. Akageuza ndoo, akakaa mbele yangu, magoti kwa magoti. Nikasema moyoni haya, sasa ndiyo.

"Unasikia nini mdomoni?" akaniuliza.

Nikasema sarafu. Chumvi sarafu, nyama sarafu. Sukari sabuni.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayetajiwa jirani yake wa zamani.

"Mimi ilikuwa karatasi," akasema. "Mwaka mzima, karatasi. Halafu siku moja hata karatasi ikaondoka."

Miaka yote hii nimekuwa ulimi wake. Nimejisifu kwa hilo, nimenenepa kwa hilo. Kumuuliza anasikia nini — hata mara moja sijawahi. Nilidhani pale ni kimya tu, kama redio iliyozimwa.

Nikamuuliza siku zile za karatasi alikuwa analaje. Alikuwa anajuaje ameshiba. Swali la kijinga, lilinitoka tu. Hajalijibu. Anatazama mikono yake. Kalamu ilikuwa mfukoni, ndiyo maana naandika, maana nikimtazama usoni nitalia na mashavu niliyobakiwa nayo hayatoshi.

Gari la kubebea chakula limefika. Dereva anapiga honi. Dada amesimama mlangoni na kijiko, anauliza sufuria aifanyeje, shangazi wa bwana harusi kashapiga simu. Mama hajageuka. Amemwambia wasubiri, anaongea na mwanawe.

Honi tena.