Mwandiko wa Babu

Mwenzangu, nimeharibu.

Kwenye kile kitabu changu cha vita ninachotukaniwa redioni, nilificha jina la aliyewachongea wapiganaji wetu kwa jeshi la wavamizi. Lakini barua yake ya kuwachongea nikaichapisha kwa picha, ukurasa mzima.

Leo shangazi kakifungua sebuleni. Kufika kwenye barua, akaweka kidole juu ya herufi.

"Huu mwandiko wa baba."

Wa baba yake. Yaani babu yangu, yule shujaa wetu wa msituni. Miaka miwili najua, nimelimeza.

Nikamwambia miandiko hufanana. Hakubishana. Alichukua kalamu, akaandika jina lake mwenyewe pembeni ya ile barua. Herufi zilezile, mikia ileile.

"Alinishika mkono akanifundisha," akasema. "Sasa huu mkono niupeleke wapi?"