Nilisaini Kwamba Nimesoma

Mshauri wangu mpendwa, nakuomba unisaidie, na ukinikaripia nitashukuru, maana tangu jambo hili linikute kila mtu ofisini ananipa pole kama niliyefiwa, wakati aliyeumia si mimi. Mimi ni wakili, huu ni mwaka wangu wa saba kazini, katika ofisi ya mawakili watatu iliyo ghorofa ya pili juu ya duka la vioo, na mteja niliyemwangusha ni mama mdogo wangu, aliyenilea tangu nikiwa darasa la nne mama alipofariki.

Mama mdogo ni fundi cherehani, anaishi katika nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga na marehemu mume wake, barazani ana vyerehani viwili na meza ya kukatia nguo, na shemeji yake alikwenda mahakamani akidai kiwanja ni chake, akashinda kwa hoja ambazo hata wakili wake alizisoma kwa haya. Nikamwambia mama mdogo asitie shaka, tutakata rufaa na tutashinda, na wala sikuwa nampa moyo tu, ilikuwa rufaa nzuri, nilianza kuipanga kichwani hata kabla jaji hajamaliza kusoma hukumu. Taarifa ya kukata rufaa nikaipeleka masjala siku ya ishirini na mbili tangu hukumu, kwa raha zangu, nikijua nina siku thelathini kama nilivyofundishwa chuoni.

Kumbe siku thelathini hazipo tena. Kanuni zilibadilishwa miezi minne kabla, kesi za ardhi sasa ni siku kumi na nne basi. Siku ya rufaa wakili wa shemeji alisimama na karatasi moja, mstari mmoja ameupaka rangi ya njano, akausoma, akakaa. Jaji mmoja akaniuliza kwa upole kama nina la kusema, nikafungua faili nikalifunga, na dakika kumi hazikufika rufaa ikatupwa bila kusikilizwa.

Sasa nikueleze kinachonitafuna, maana ingekuwa ni kutojua tu, ningevumilia. Ofisini kwetu kila Jumatatu linazunguka faili la bluu, ndani yake hukumu mpya na mabadiliko ya kanuni, na mbele kuna karatasi yenye majina yetu na maneno “nimesoma na nimeelewa”, kila mmoja anasaini. Mkubwa wetu ndiye aliyeanzisha utaratibu huo, nasi tukaugeuza daftari la mahudhurio, unasaini umesimama, kikombe cha chai mkononi, faili linapita kwa mwenzako, na mtu akiwa hayupo mwenzake anamsainia. Niliporudi kutoka mahakamani nililifungua. Kanuni mpya ilikuwa ukurasa wa tatu, imeandikwa kwa lugha ambayo hata mlinzi wa getini angeielewa. Saini yangu ipo, ya Mkubwa ipo, ya mwenzetu wa tatu ipo, na yeye wiki hiyo alikuwa amelazwa hospitali.

Jioni ile nikaenda kwa mama mdogo. Hakuwepo mahakamani kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia asipoteze siku yake ya kazi. Nilimkuta akipinda suruali ya shule, nikamwambia majaji wamekataa. Akaniuliza kwa nini, nikasema ni mambo ya kisheria. Akaiweka ile suruali mapajani, akasema, “Mwanangu, ni ulimi wangu huu. Ningeukumbuka ule mwaka wa bati, tungeshinda.” Ni kwamba alipokuwa akitoa ushahidi aliulizwa mwaka walioezeka nyumba, akataja mmoja, kisha akataja mwingine, wakili wa upande wa pili akacheka, na mimi siku ile nilimwambia ni jambo dogo, na ni dogo kweli, halikuhusiana na rufaa hata kidogo. Lakini pale barazani nilimtazama usoni nikamwambia, “Mama mdogo, usijilaumu sana.”

Tangu hapo amenunua daftari. Anaandika miaka yote ya maisha yake, mwaka wa msingi, mwaka wa ukuta, mwaka wa bati, mwaka mumewe alipoanza kuugua, na jirani yake anamuuliza naye anajibu amefumba macho, anasema Mungu akimpa nafasi nyingine mbele ya jaji hatababaika tena. Nikifika ananisomea nimsahihishe. Namsahihisha.

Wiki iliyopita nililisoma faili la bluu, safari hii kwa macho si kwa kalamu, na humo nikakuta hukumu mpya ya mahakama ya juu kabisa inayosema mteja asiadhibiwe kwa kosa la wakili wake, anaweza kuomba aongezewe muda, ila aombe ndani ya siku thelathini tangu rufaa itupwe, na mwenye kosa aape mwenyewe aeleze wazi alichokosea. Nikakimbilia kwa Mkubwa. Akafunga mlango. Akasema kiapo changu kitaifikisha ile karatasi ya saini mahakamani, na kutoka hapo kwenye baraza la nidhamu, na ofisi nzima itakwenda na maji. Akashauri aape karani wetu, kwamba nilimkabidhi taarifa siku ya kumi naye akaisahau kwenye droo.

Karani huyo tunamwita Dada Faili, ana miaka kumi na tisa ofisini kwetu na hajawahi kupoteza hata risiti. Nilimkuta kwenye korido karibu na mashine ya fotokopi, akaniambia, “Kaka, mimi nitaapa tu. Nikikataa, kwa umri huu nitaenda wapi?” Kiapo kimeshachapwa. Amekichapa yeye.

Naomba unishauri. Karani akiapa, mama mdogo anapata nafasi yake, ofisi inabaki, karani anabaki na kazi yake, na hakuna atakayeumia. Nikiapa mimi, huenda nikapoteza leseni, na mama mdogo atajua kwamba nyumba yake imeponyoka mikononi mwa mtoto aliyemlea. Nifanye lipi? Zimebaki siku kumi na moja.

Wakili wa Mama Mdogo

MSHAURI ANAJIBU:

Wakili, barua yako nimeisoma mpaka mwisho, ndipo nikachukua kalamu. Wengine huanza na kalamu.

Imenifikia baada ya siku nne, kwa hiyo una saba, si kumi na moja. Nimekupigia mara mbili kwa namba uliyoandika nyuma ya bahasha, hukupokea, ndiyo maana nakujibu gazetini na kuwaruka waliokutangulia. Wanisamehe, wao wana ugomvi wa mawifi na unaweza kusubiri.

Nakupa pole, na ni pole ya kweli. Kanuni zinabadilika, kichwa ni kimoja, kazi ni nyingi, na hakuna fundi ambaye hajawahi kuharibu kitambaa cha mtu. Kwa kosa lile la siku ishirini na mbili nisingekukaripia. Nakukaripia kwa yaliyofuata.

Unasema hakuna atakayeumia. Dada Faili umemweka upande gani wa hesabu yako? Umeniandikia kwamba yuko tayari. Mtu anayeuliza “nitaenda wapi” hajakubali, amebanwa. Mmemkalisha kwenye kiti chake cha miaka kumi na tisa mkamchapisha kosa lisilo lake kwa vidole vyake, na wewe ukapita koridoni ukamsikiliza ukaenda zako. Mimi si mwanasheria, ila nina jirani ambaye ni hakimu mstaafu, nikamuuliza bila kukutaja. Akasema anayeapa uongo ana kesi ya jinai, na aliyemtuma aape ana kesi ya jinai. Akasema pia kwamba hujapitiwa na hilo, hilo unalijua tangu mwaka wa kwanza chuoni.

Na hilo neno “sana” ulilomwambia mama yako mdogo. Asijilaumu sana, kwa hiyo ajilaumu kidogo. Kosa lilikuwa lako lote, ukamkatia kipande akakipokea, na sasa anakaa barazani akikariri maisha yake kama mtoto wa mtihani, na wewe unamsahihisha. Nimerudia sehemu hiyo mara tatu nikitafuta mahali umeona haya. Labda umeona haya, umesahau kuandika.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Umelificha jambo hili mpaka limekuwa na kichwa na miguu. Basi, sikiliza.

Kesho, kabla ya ofisi, nenda kwa mama mdogo. Nenda mikono mitupu, usimpelekee sukari wala kitenge. Usianze na mambo ya sheria, na usitangulie kulia, maana wewe ukilia atakubembeleza, na utakuwa umemnyang'anya hata hasira yake.

Ukitoka hapo ingia ofisini, chukua kile kiapo cha karani, ukichane mbele ya Mkubwa na mbele ya Dada Faili mwenyewe, asikie kwa masikio yake kwamba hakuna anayemdai kitu. Mkubwa atafoka. Mwache afoke, naye alisaini. Kisha andika kiapo chako. Usiandike “makosa ya kibinadamu”, hayo ni maneno ya kujifichia. Andika kwamba ulipewa kanuni mpya mkononi, ukatia saini kwamba umeisoma, na hukuisoma. Ambatanisha na ile karatasi ya saini yenyewe. Tafuta wakili wa ofisi nyingine awasilishe ombi la kuongezewa muda, kwa sababu sasa wewe ni shahidi katika kesi hii, huwezi kuwa wakili pia. Na barua ya baraza la nidhamu usiisubiri, waandikie kwanza.

Siwezi kukuahidi kitu. Majaji wanaweza kukataa, leseni unaweza kuikosa kwa muda au kabisa, na shemeji anaweza kuingia na mizigo yake katika nyumba ile. Mama mdogo anaweza kukufukuza na asikuite mwanangu tena, na mimi sitakusaidia kumbembeleza. Lakini nyumba ina njia moja tu ya kurudi, nayo inapita kwenye jina lako. Na hata isiporudi, yule mama anastahili kufa akijua kwamba siku ile mbele ya jaji hakuharibu chochote.

Wewe ni wakili, utataka kutayarisha hotuba. Usitayarishe. Kaa chini, umtazame, useme, “Mama mdogo, hukukosea popote. Nilikosea mimi, na nilikuacha ujilaumu.” Kisha nyamaza, umwache aseme yeye.