Boksi Nililolishusha Kwenye Ndege

Kasinge waitu, Mama,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, ingawa ni kwenye sakafu ya zahanati huku bonde la Rukwa na hunioni. Mgongo unaendeleaje? Na Tata, mzee wako, ameacha kupanda juu ya mibuni kama kijana? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo unanisuta, na simu hapa haishiki, ndiyo maana naandika.

Ile picha niliyotuma kabla hatujaruka, nimeegemea ndege na begi langu jekundu, najua kufikia sasa Kamachumu nzima imeiona. Sasa sikia kilichotokea baada yake.

Ndege yenyewe ni ya watu watano. Wanapima mizigo, halafu wanakupima na wewe, mbele za watu. Rubani akasema tumezidi, kitu kishuke, akatazama begi langu. Mama, unajua mlivyonilea: mtu hafiki ugenini kama ametoka kupalilia migomba. Ndani ya begi mlikuwa na magauni matatu, viatu vya kisigino na pasi. Nikamwambia, "Hilo lina vifaa vya kazi." Nikashusha boksi la kahawia nililodhani ni makaratasi ya ripoti. Sikulifungua.

Tulitua kwenye majani, wanaume wakifukuza ng'ombe. Akina mama walikuwa wamekaa na watoto, wengine tangu jana yake, maana surua imeshaingia kijiji cha jirani. Ndege ikaondoka. Nikafungua mizigo: chanjo ipo, mabomba ya sindano hayapo.

Mama, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Ningeweza kusema watu wa mjini wamesahau, nani angejua? Lakini bibi mmoja aliyebeba mjukuu akaniuliza, "Nesi, tumekosea siku?" Nikashindwa kudanganya.

"Hamkukosea, bibi. Nimeacha sindano, nikaleta nguo zangu."

Hakunitukana. Alimfunga mtoto mgongoni, akasema, "Basi," akaondoka. Afadhali angenitukana.

Niliwaita kwa redio ya zahanati, na ndege ikarudi siku ya tatu na lile boksi na chanjo nyingine, maana barafu ya ile ya kwanza ilishayeyuka. Waliosubiri nimewachanja wote.

Msalimie Tata, na kaka Rweyemamu na mkewe. Shangazi Ma Justa, anayenisifia kila Jumapili nje ya kanisa, mwambie apunguze kidogo. Wewe mwenyewe usiwasomee barua hii, au wasomee, sijui. Fanya utakavyoona.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nitakuwa nimekuficha. Yule bibi hakurudi. Wanasema kwake ni mwendo wa siku nzima, juu mlimani, upande uleule wenye surua. Kesho asubuhi naondoka kwa miguu na kasha la barafu begani. Niombee nimkute mtoto hajapata homa.

Mwanao,
Kokugonza