Sanga Garama Aliyeitika Mahakamani

Kituo cha Polisi, Kwale
14 Mei 2025
Maelezo mbele ya Koplo Damaris

Jina: Dama Chirima. Umri: miaka 64. Kazi: mkulima na mfugaji wa mbuzi. Makazi: nje kidogo ya mji wa Kinango.

Koplo Damaris, mimi ni mjane wa Sanga Garama, aliyefariki mwezi wa Machi. Mume wangu alikuwa na hisa katika kampuni yetu wanakijiji, Vidzo Pamoja. Kampuni hiyo ndiyo mama wa kampuni nyingine ndogo, yenye nyumba za wageni Msambweni. Mkurugenzi wa zote mbili ni Samuel Ndoro. Nyumba hizo alimkodisha shemeji yake kwa bei ya kutupa, na kampuni ndogo haikuweza kumshtaki Samuel kwa sababu mwenye kuisemea ni yeye mwenyewe.

Mume wangu akaiomba mahakama imruhusu kushtaki kwa niaba ya kampuni ile ndogo. Nilimuuliza, "Hisa zako ziko kwa mama. Ya binti yanakuhusu nini?"

Akacheka. "Binti akiibiwa na mlezi wake, apige kelele nani? Si mama? Na mama akizibwa mdomo na huyo huyo?"

"Basi umebaki wewe na koo lako bovu," nikamwambia. Alikuwa na kikohozi tangu zamani.

Leo asubuhi nilifika mahakamani hapa Kwale kueleza kwamba amefariki, na kuomba kesi isife naye. Nilikaa nyuma. Karani aliita, "Sanga Garama!" Nikashika kiti ninyanyuke. Mtu wa mbele akaitika, "Nipo."

Sauti ilikuwa ya nyumbani kwangu.

Alikuwa mjukuu wangu, mlinzi wa hoteli Diani. Kwa desturi yetu Waduruma, kifungua mimba wa kiume wa mwanangu Garama huchukua jina la babu yake, kwa hiyo hata kitambulisho chake kimeandikwa Sanga Garama. Tangu akinyonya mimi humwita mume wangu. Alivaa koti la marehemu, lile nililompa mwenyewe baada ya matanga. Samuel alikaa kando yake. Kijana akasema, "Mheshimiwa, kesi hii ni yangu. Ninaiondoa."

Nilipiga ukelele. "Huyo ni mjukuu! Sanga nimemzika!"

Akageuka. "Nyanya, si ulisema mwenyewe pale kaburini, sasa Sanga ni mimi, nisimame mahali pake? Bwana Samuel anasema ndiyo sheria."

Ni kweli nilisema. Nilisema ili asilie.

Jaji hakuiondoa kesi. Aliamuru kijana na Samuel waletwe hapa kituoni.

Sijui kama kwa maneno haya ninamfunga mtoto. Lakini nikinyamaza, mume wangu ataandikwa kwamba aliiacha kesi kwa hiari yake. Hata hospitalini alikuwa akiniuliza tarehe ya mahakama.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Naomba akumbukwe kwamba hakuiacha.

Sahihi: Dama Chirima

Maelezo haya nimeyaandika mimi, nikamsomea shahidi kwa Kiswahili, akakubali kuwa ndivyo alivyosema. Kabla ya kutoka aliuliza kama mume wake aliye selini amekula. Nimempelekea chai.

Koplo Damaris