Nyumba ya Mama na Vitenzi vya Clifford

Nyumba Na. 4, Njia ya Kinu,
Harrowthwaite,
Yorkshire, Uingereza.

6 Novemba 1989

Mpendwa dada Thelma,

Habari za huko Adelaide? Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba Ron ameacha kupanda juu ya paa akijidhani bado kijana. Sisi huku tu wazima, ila mvua haijakatika tangu wiki iliyopita na nguo zote zinakaukia jikoni. Mama hajambo. Nyonga yake ni ileile, leo nafuu, kesho taabu.

Salamu zimetosha. Nina hasira, dada, na sehemu ya hasira hiyo ni yako. Clifford amenisomea kwa simu kadi uliyomtumia baada ya kuziona picha: "Nyumba ya Mama imependeza mno, hongera mdogo wangu." Akairudia tena, eti huenda sikusikia. Nilikata simu kabla sijamtolea lile neno lililokuwa tayari mdomoni.

Wewe umeona picha. Sasa sikia yasiyopigwa picha.

Aprili, paa lilipoanza kuvuja chumbani kwa Mama, Clifford alisema ni 'repair' tu, kuziba panapovuja. "Wiki mbili, Mama, ukae kwa Beryl." Mama akaja kwangu na mkoba mmoja. Juni ikawa 'renovate', na habari ya paa haikutajwa tena. Agosti kitenzi kikanenepa zaidi, ikawa nyumba nzima anaifanyia 'restore'. Kiingereza chetu kina vitenzi tele vya kazi hii, na mdogo wetu hakutaka hata kimoja kimpite.

Unamjua Mama, mwalimu hata akiwa usingizini. Kila simu ilikuwa somo. Paa bovu, alimwambia, hufanyiwa 'repair'. Nyumba iliyochakaa, 'renovate', ipate sura mpya. Mchoro wa kanisani uliofifia ndio wa 'restore', uwe kama ulivyotoka mkononi mwa mchoraji. Septemba Clifford aliteleza akasema 'rebuild', na Mama akaninyang'anya simu.

"Hujengwa upya kilichoanguka, mwanangu. Nyumba yangu imeanguka lini?"

Clifford akacheka, akasema Mama haishi vituko.

Jumapili, wiki mbili zilizopita, alitupeleka kuiona. Tuanze mlangoni. Lile jiwe la kukanyagia, ambalo Baba aliligeuza chini juu upande wa kwanza ulipolika, kama kila mtu afanyavyo hapa, limetupwa. Mahali pake kuna jiwe jingine lililolika zaidi, limebonyea katikati kabisa, kalinunua Leeds kutoka nyumba ya watu iliyobomolewa. Eti hilo ndilo linaonekana la kale. Ametupa nyayo zetu akanunua nyayo za watu wengine, na anajisifu kwamba alilipata kwa bahati.

Jikoni, lile jiko la umeme Baba alilomnunulia Mama halipo. Limesimama jiko la makaa, la chuma, jeusi, ndugu wa lile ambalo Mama alilisugua na kulipaka dawa ya kung'arisha kila Ijumaa tangu alipoolewa. Unakumbuka siku lilipotolewa? Alioka keki akawagawia majirani. Sasa Clifford kaliokota jingine kwa wauza vitu vya kale, na analipigapiga kwa kiganja kama mtu anayeuza ng'ombe.

"Unaona, Mama? Kama zamani."

"Zamani ya nani? Mimi hilo dude nililifukuza."

Hayo yote ningeyameza. Lakini bafu, Thelma. Kile chumba cha nyuma alichokijenga Baba kwa matofali mwaka ule Mama alipoanguka ngazini kimebomolewa. Clifford anasema hakikuwepo nyumba ilipojengwa, kwa hiyo kilikuwa kinaiharibia sura. Bafu na choo sasa viko juu. Ngazi ni zilezile, nyembamba na za wima, ila ameziondolea zulia na reli ya kushikia, maana navyo si vya asili. Hakuna aliyefikiria kumuuliza mwenye nyumba ataoga wapi.

Niliuliza mimi. "We Cliff, una akili au umejaza chokaa kichwani? Mama atapandaje huko?"

Akajibu akitazama dirishani kwamba kwa sasa Mama anatunzwa vizuri kwangu, na kwamba Pasaka kuna watu wa London wanaotaka kuikodi. Basi nikajua picha zile zilipigwa kwa ajili ya wapangaji, ndiyo maana zilikufikia wewe kabla Mama hajakanyaga humo.

Mama alikuwa chini ya ngazi, ameshika ukuta. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Clifford," alisema, "umeirudisha nyumba nyuma miaka sitini. Vizuri. Sasa nirudishe na mimi hiyo sitini, nipate kupanda hizi ngazi."

Tangu siku hiyo Mama hamsahihishi tena. Clifford hupiga simu, hutumia kitenzi anachotaka, na Mama humjibu "sawa." Mama yetu huyu, aliyemkosoa kasisi akiwa mimbarani. Inanitia hofu kuliko nyonga yake.

Mimi Clifford hanisikilizi. Kwake nimekuwa dada wa makelele tangu utotoni. Wewe ndiye uliyemlea wakati Mama akifundisha shuleni, na neno lako analiogopa hadi leo. Mwandikie. Usimwambie tena kwamba imependeza. Mwambie chumba cha nyuma kisimame, bafu liwe ndani yake na reli irudi ngazini kabla ya Krismasi, na watu wa London watafute kwingine. Kitenzi achague mwenyewe.

Msalimie Ron, msalimie Heather na wale mapacha wake. Shangazi Edna anawasalimu nyote, na ameahidi kukutumia sweta ambalo hutalivaa kwa joto hilo. Mungu awatunze.

Nimemuuliza Mama kama ana neno lake niliongeze hapa. Amefikiri kidogo, kisha akasema nikuulize kama kwako, huko Adelaide, bafu liko chini.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Beryl